Shangazi, nikiimba kwa malipo nimemwasi mwalimu wangu?

Tangu niandike habari za miaka yangu mitatu ya kujifunza uimbaji kule Pune, India, barua zenu zinanijia mfululizo. Wapo wanaouliza majina ya nyimbo, wapo wanaouliza bei ya tanpura, ile ala ya nyuzi inayovuma nyuma ya mwimbaji. Barua moja imeninyima usingizi. Nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote, na waliobaki naomba mnivumilie.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, niko Tanga. Nimefundishwa kasida tangu nina miaka tisa, na mwalimu mmoja mzee ambaye hajapokea hata senti kwa wazazi wetu. Ukimpelekea sukari anaigawa palepale kwa watoto. Mwaka wa pili huu naimba kwenye maharusi, na humo ndimo inamotoka kodi ya chumba changu na ada ya mdogo wangu. Mwalimu amesikia. Hajanigombeza, ila nikimsalimia anaitikia huku anatazama pembeni. Juzi rafiki yangu kanisimulia kisa cha mfalme wa India aliyemuuliza mwimbaji wake: mbona mwalimu wako anaimba vizuri kukushinda? Akajibiwa kwamba mwalimu anamwimbia Mungu, yeye anamwimbia mfalme. Tangu siku hiyo nikishika maikrofoni naona haya. Kisa hicho kina ukweli? Na je, mimi ndiye yule wa mfalme?
Mwimba kasida, Tanga

Marahaba mwanangu. Hukumu ya dini waulize masheikh wa hapo Tanga, hiyo si kazi yangu. La muziki nitakujibu kwa kirefu, maana kisa hicho umekatiwa njiani, na kipande ulichonyimwa ndicho unachokihitaji.

Mfalme ni Akbar, wa ukoo wa Moghul, aliyetawala kaskazini mwa India kuanzia 1556 hadi 1605. Mwimbaji ni Tansen. Mwalimu ni Swami Haridas, mtawa wa Kihindu aliyeishi Vrindavan, kando ya mto Yamuna, akimwabudu Krishna kwa nyimbo. Mtu huyo hakuwa na jumba wala posho. Alikuwa na kibanda, tanpura, na vichaka vya kumzunguka.

Wenyewe husimulia hivi. Akbar alimsikiliza Tansen miaka mingi, akaamini kwamba duniani hakuna sauti inayoizidi ile. Siku moja akamuuliza kama yuko anayemshinda. Tansen akamtaja mwalimu wake. Mfalme akaamuru aletwe. Tansen akamwambia haji, wala haimbi kwa kuitwa. Ikabidi mfalme ndiye aende. Akavua nguo za kifalme, akavaa za mtumishi, akabeba tanpura ya Tansen begani, wakatoka Agra mpaka Vrindavan. Walipofika, mzee ametulia kimya. Kumwomba aimbe isingewezekana. Basi Tansen akakaa mbele yake akaanza kuimba mwenyewe, na alipofika mahali fulani akakosea kwa makusudi. Kosa dogo tu, sauti moja nje ya njia yake. Haridas hakustahimili. Akamkatiza, akaimba kipande kile kinavyotakiwa, na alipokwisha kuanza hakusimama tena. Mfalme akasikia alichokifuata. Njiani wakati wa kurudi ndipo likaja lile swali, na lile jibu linalokutesa.

Nilifika Vrindavan Desemba ya 1987. Nilipanda treni ya kutoka Pune kwenda Jammu, nikashuka Mathura, nikamalizia kwa baiskeli ya kukodi ya magurudumu matatu. Onyo la kwanza nililopewa ni nivue miwani, kwa sababu kima wa pale huipora usoni. Sikulitilia maanani, na kabla sijavuka uchochoro wa pili kima alikuwa juu ya ukuta na miwani yangu mkononi. Kijana mmoja akamrushia biskuti, akaiachia. Kichaka cha Haridas kinaitwa Nidhivan. Miti yake ni mifupi, imepindana, mashina yana matundu, na watu wa pale wanaiheshimu kama tulsi, jamaa ya mrehani wetu. Kaburi lake limo humohumo. Jua likikaribia kuzama watu wote hutolewa na lango hufungwa, kwa sababu wanaamini usiku Krishna mwenyewe hucheza humo. Nilikaa hadi mlinzi aliponiinua. Mimi ni Mwislamu, sikwenda kuabudu. Nilikwenda kuona mahali ambapo muziki huu, kwa mujibu wa wenyewe, ulikuwa ukiimbwa bila mtu wa kuupigia makofi.

Umeniuliza kama kina ukweli. Abul Fazl, mtu wa karibu sana wa Akbar, aliacha orodha ya wanamuziki wa ikulu. Ni 36, na Tansen ndiye wa kwanza, na maneno kwamba kwa miaka 1,000 India haijapata mwimbaji mfano wake. Aliandika pia kwamba waligawanywa makundi saba, kila kundi na siku yake ya juma, na kwamba walikuwamo Wahindi, Wairani, watu wa Kashmir na wa Asia ya Kati, wanaume kwa wanawake. Katika orodha hiyo Haridas hatajwi kuwa mwalimu wa Tansen. Ile picha maarufu ya watatu hao pamoja ilichorwa Rajasthan katikati ya karne ya 18, wote watatu wakiwa wamekwisha kufa zamani. Mimi naipenda picha ile kwa jambo moja: Haridas amekaa, Tansen amekaa, na mfalme ndiye aliyesimama.

Kwa hiyo kichukue kama wanavyokichukua wao, kisa ambacho waimbaji wamerithishana. Sasa jiulize waliokirithishana ni akina nani. Wengi wao walikuwa watu wa ikulu! Walikula posho za wafalme, wakavaa shali walizozawadiwa na wafalme, na bado wakawafundisha watoto wao kwamba juu ya Tansen, juu ya yule aliyewainua wote, yuko mzee wa kichakani. Hawakukisimulia ili wajione wachafu. Walikisimulia ili wasisahau sauti yao inatoka wapi.

Kipande ulichonyimwa ni hiki. Siku anapofika Vrindavan, Tansen tayari ni mtu wa ikulu. Aliitwa kwa Akbar mwaka 1562, na kabla ya hapo alikuwa akiimba kwa Raja Ramchandra wa nchi ya Rewa. Alikuwa na mali, alikuwa na jina. Haridas hakumfungia mlango. Hakumwambia nenda kwanza ukarudishe dhahabu ya mfalme. Alimsikiliza, na alipokosea alimsahihisha, kama alivyokuwa akimsahihisha tangu ujana.

Wako pia waliokuwa yote mawili kwa mwili mmoja. Allauddin Khan alizaliwa kijijini, katika sehemu ambayo leo ni Bangladesh. Alipotaka kujifunza kwa Wazir Khan, mwanamuziki wa ikulu ya Rampur na mmoja wa wazao wa Tansen, alikataliwa mlangoni. Inasimuliwa kwamba alijitupa mbele ya gari la Nawab, yaani mtawala, wa Rampur, apate tu kusikilizwa, na Nawab ndiye aliyemwombea kwa mwalimu. Baadaye Maharaja wa Maihar, mji mdogo wa katikati ya India, akamwajiri kuwa mwanamuziki wake. Kwa hiyo alikuwa mtu wa mshahara. Lakini mtu huyohuyo alisali sala zake tano, na alikuwa akipanda kilima chenye ngazi zaidi ya 1,000 hadi kwenye hekalu la Sharda, akiamini kipaji chake ni amana. Aliwakusanya mayatima wa Maihar akawaundia bendi. Ala moja ya bendi ile aliitengeneza kwa mitutu ya bunduki: aliikata kwa urefu mbalimbali, ikawa inagongwa kwa vijiti kama marimba. Mwaka 1938 Ravi Shankar, kijana aliyezoea kumbi za Paris, aliacha yote akaja kukaa kwake. Ali Akbar, mwanawe, na Annapurna Devi, bintiye, walifundishwa katika nyumba hiyohiyo. Ukisikia sitari au sarodi mahali popote duniani leo, yawezekana sana mkono unaoipiga umepita kwa mzee yule.

Annapurna Devi aliishi upande wa pili. Aliacha kupiga hadharani, akajifungia katika fleti yake Mumbai akifundisha hadi uzee wake, akafariki 2018. Hariprasad Chaurasia, mpiga filimbi aliyekuwa tayari na jina, alipokwenda kwake kuomba kufundishwa aliamua kugeuza filimbi, aliyokuwa akiishika upande wa kulia akaishika upande wa kushoto, aanze upya kama mtoto. Mwalimu huyo hakukanyaga jukwaa. Mwanafunzi wake ameizunguka dunia nzima. Sioni aliyemwasi mwenzake hapo.

Sasa nikupe la kwangu, ambalo sijapata kuliandika. Mwalimu wangu wa Pune alikuwa mzee mwembamba aliyeishi ghorofani, katika mtaa wa zamani, ngazi zake zina giza mchana kweupe. Miezi minne ya mwanzo aliniimbisha sauti moja tu, Sa, ambayo ndiyo do yetu. Kila jioni alianza kwa kulaza tanpura mapajani na kupenyeza uzi mwembamba wa pamba chini ya kila waya, pale waya unapolalia daraja. Aliusogeza uzi ule kwa ncha ya kucha, nywele moja mbele, nywele moja nyuma, ameziba pumzi. Ghafla waya uliokuwa ukilia kikavu ulianza kuvuma kama mzinga wa nyuki, chumba kizima kikajaa. Hapo tu ndipo aliponitazama na kusema, "Haya, beti," yaani binti.

Mwaka wa pili hoteli moja ikanialika niimbe wakati wa chakula cha mchana. Waliahidi pesa iliyozidi kodi yangu ya mwezi mzima. Nilikwenda bila kumuaga mwalimu. Akasikia, kama wako alivyosikia. Wiki tatu hakunisemesha zaidi ya masomo. Mimi nikajua ni pesa. Nikazifunga kwenye karatasi nikampelekea, nikaziweka miguuni pake, nikalia. Akazirudisha mkononi mwangu akaniuliza, "Uliimba nini?" Nikamwambia Yaman, ndiyo niliyokuwa naijua vizuri. "Saa ngapi?" Nikasema saa saba mchana.

Akafumba macho kama mtu aliyechomwa na mwiba. Yaman ni raga, yaani njia ya sauti yenye saa yake, na saa yake ni jioni, mwanangu, ya saa zile taa zinapoanza kuwashwa. Nilikuwa nimeichukua nikaitandika juani, kwa sababu hoteli ilitaka wimbo na mimi nilitaka kuwapa kitu haraka. Mwalimu wake yeye alikuwa ameimba kwa raja mdogo mmoja maisha yake yote, mpaka tawala zile zilipounganishwa na India huru baada ya 1947. Malipo hayakumtisha hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba mwenye pesa alinichagulia saa, nami nikakubali.

Kwa hiyo sikuulizi unalipwa kiasi gani Tanga. Nakuuliza: ukiwa kwenye harusi, wakikwambia kata ubeti wa salamu za Mtume kwa sababu keki imefika, unakata? Wakitaka kasida ipigwe kwa mdundo usioistahili, unaipiga? Wewe unajua majibu yako. Ikiwa hukubali, basi mfalme hajakununua, amekulisha tu.

Na kwa mwalimu wako nenda. Usiende na sukari. Nenda saa anazofundisha, kaa nyuma ya watoto, na ikifika zamu uimbe ile kasida ya kwanza aliyokufundisha una miaka tisa. Ikiwa bado anatazama pembeni, basi kosea kidogo, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akikusahihisha.

Assalamu alaykum. Mimi ni mzee wa Unguja. Ujana wangu niliona filamu ya Baiju Bawra, na mpaka leo nyimbo zake nazijua. Mle ndani Baiju anamshinda Tansen mbele ya Akbar, jiwe la marumaru likayeyuka. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na kweli Tansen aliwasha taa kwa kuimba?
Babu wa Ng'ambo

Wa alaykum salaam Babu. Filamu ile ni ya 1952, na shindano lile ni la filamu. Baiju wa masimulizi anahusishwa zaidi na Gwalior ya Raja Man Singh Tomar, aliyetawala kuanzia 1486 hadi 1516 na kuukuza sana dhrupadi, mtindo wa kale wa uimbaji; hiyo ni miongo kadhaa kabla ya Akbar kukalia kiti. Lakini usiitupe filamu, maana sauti ulizozisikia kwenye shindano zilikuwa za mabingwa wa kweli. Tansen aliimbiwa na Amir Khan. Baiju aliimbiwa na D. V. Paluskar, ambaye baba yake, Vishnu Digambar Paluskar, ndiye aliyefungua shule ya muziki Lahore mwaka 1901 ili elimu hii itoke kwenye majumba ya wafalme iwafikie watoto wa watu wa kawaida. Shule ile naihesabu kuwa moja ya mambo makubwa kabisa yaliyoupata muziki wa India.

Na ule wimbo wa Baiju wa kumlilia Hari, jina la Mungu kwa Wahindu, unaoanza "Man tarpat", ulio katika raga ya Malkauns, najua unaukumbuka. Ni wimbo wa ibada ya Kihindu. Maneno ni ya Shakeel Badayuni, muziki ni wa Naushad, mwimbaji ni Mohammed Rafi. Wote watatu Waislamu.

Kuhusu moto, hiyo ni hadithi ya raga ya Dipak. Wanasema maadui wa Tansen walimshawishi mfalme amwamuru aiimbe, taa zikawaka zenyewe na mwili wake ukaanza kuungua. Wasichana wawili wa mji wa Vadnagar, Gujarat, Tana na Riri, wakamwokoa kwa kuimba Malhar, mvua ikanyesha. Taa sikupata kuona zikiwaka. Ila nimekaa Pune mwezi wa Juni, joto limekaba, mawingu meusi hayamwagi kitu, na mwalimu akaanza Miyan ki Malhar, raga inayobeba jina la heshima la Tansen. Sauti mbili za Ni, ya saba katika ngazi ya muziki, zile zinazofuatana karibu kabisa, alizitikisa pole pole huku chini mpaka nikazisikia ni ngurumo. Mvua ilikuja usiku ule. Ingekuja hata asingeimba, lakini tangu hapo sijaisikia mvua ya masika bila kuisikia raga ile.

Shangazi, sisi hapa kijiweni tunabishana. Mmoja anasema Tansen alikuwa Mhindu, mwingine anasema Mwislamu kwa sababu anaitwa Mian na kaburi analo. Tukate shauri.
Vijana wa Kigoma

Masimulizi yanamtaja kuwa alizaliwa katika nyumba ya Wahindu karibu na Gwalior. Wanawe walibeba jina la Khan, na yeye amezikwa Gwalior, ubavuni mwa kaburi la Muhammad Ghaus, sheikh wa Kisufi wa tarika ya Shattari, ambaye wengi wanamhesabu kuwa naye alikuwa mwalimu wake. Abul Fazl ameandika kwamba alipofariki mwaka 1589, Akbar aliamuru wanamuziki wote wamsindikize kaburini kwa nyimbo, kana kwamba wanapeleka bwana harusi. Wahindu wana madai yao na Waislamu wana yao. Mimi shauri silikati, maana nimefika kaburini.

Kaburi la sheikh ni jengo kubwa la mawe lenye kuba, na kuta zake ni vimia vya mawe vilivyotobolewa kama lesi, jua likipita linachora sakafu nzima. La Tansen ni jukwaa dogo la nguzo, wazi pande zote, mtu akipita haraka hatalitambua. Pembeni kuna mkwaju. Ndiyo, mkwaju uleule wa kwetu. Waimbaji huja kutafuna majani yake wakiamini yanatengeneza sauti, na hata mimi nilitafuna. Ni machachu, na yanang'ang'ania kooni.

Kila Desemba hufanyika pale tamasha la Tansen. Kabla ya mwimbaji yeyote kufungua mdomo, asubuhi hupigwa shehnai, ambayo ni ndugu wa zumari yetu, kisha husomwa hadithi za Hari za Kihindu, kisha husomwa maulidi, na kaburi hufunikwa shuka. Vyote mahali pamoja, asubuhi moja. Jioni ndipo waimbaji hupanda. Nilipowauliza wenyeji swali lenu hili walinijibu kwa kunisogezea mkeka.

Kwa nini waimbaji wa Kihindi hujigusa sikio wakitaja jina la mtu? Nimeona mara nyingi kwenye mahojiano.
Msomaji, Nakuru

Wanamtaja mwalimu. Kugusa ndewe ya sikio ni kuomba radhi, kama kusema "mimi ni nani hata nilitamke jina hili." Ni Mhindu akimtaja guru wake, ni Mwislamu akimtaja ustadhi wake, ishara ni moja. Mwalimu wangu aliigusa hata akiwa peke yake jikoni, anazungumza na birika la chai. Anayekubaliwa rasmi kuwa mwanafunzi hufungwa uzi mkononi, akalishwa sukari guru na dengu, na tangu siku hiyo ni mtoto wa nyumba ile. Sukari guru kwa utamu. Dengu, wanasema, kwa sababu ni ngumu kutafuna, na kazi iliyo mbele ndivyo ilivyo.

Na mkiwa mnapenda visa vya mwalimu na mtu wa ikulu, basi mtafuteni pia Amir Khusrau wa Delhi. Aliwatumikia masultani kadhaa kwa ushairi na muziki, na moyo wake wote ukawa kwa sheikh wake, Nizamuddin Auliya, ambaye wanasimulia kwamba alisema nyumba yake ina milango miwili: sultani akiingia kwa mmoja, yeye atatokea kwa mwingine. Wote wawili walifariki mwaka 1325, na makaburi yao yako ua mmoja. Alhamisi jioni huimbwa kawali, nyimbo za ibada za Kisufi, pale hadi usiku.

Nataka kuanza kusikiliza muziki huu lakini nikifungua naona ni mrefu, na nusu saa ya kwanza hakuna kinachotokea. Nianzie wapi?
Mama Junior, Mwanza

Anza na saa, mama. Alfajiri kabla watoto hawajaamka weka Bhairav. Asubuhi jua likishapanda, Todi. Jioni ukiwasha taa na kupika, Yaman. Darbari, ambayo wanasema Tansen aliipa sura yake kwa ajili ya Akbar, ngoja saa tano usiku au saa sita, nyumba ikiwa imelala.

Hiyo nusu saa ya mwanzo inaitwa alapu. Hakuna ngoma, hakuna ubeti, mwimbaji anaingia sauti moja baada ya nyingine kama mtu anayeingia chumba chenye giza akipapasa ukuta. Usiifanye kazi ya pembeni. Zima taa, simu iache sebuleni, sikiliza ule mvumo wa tanpura nyuma yake kwanza, peke yake, mpaka uusikie hata akiwa ameziba mdomo. Tafuta akina Dagar, ukoo ulioshika dhrupadi kizazi hata kizazi: wao katika Darbari hukaa kwenye ile Ga ya chini, sauti ya tatu ya ngazi, wakiitikisa taratibu mno, na kabla hawajaiacha, nawe utakuwa umepumua pamoja nao bila kujua.